Jagi Lisiloona Moto

5 Januari

Mpwa wangu, Bi Kesho,

Mwaka mpya umeingia na bado sijafa, kwa hiyo soma kwa makini. Mimi mzima. Goti tu ndilo linanisumbua nikipanda ngazi za sokoni, lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Baba yako ameng'oa lile jino au bado analilea? Mwambie dada yake anasema jino bovu halistaafu lenyewe.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu umeniambia "kesho, shangazi" mpaka neno lenyewe limenichosha, na nikikukumbusha unasema hukusema hivyo, mtandao ulikuwa mbaya. Sasa ahadi zako nazitaka kwenye karatasi, kwa mwandiko wako, na tarehe juu. Ukinipigia sipokei.

Habari yenyewe ni hii: naolewa. Cheka umalize, nakusubiri. Nimezalisha nusu ya mji huu, nimekata vitovu vya watu ambao sasa wana vitambi, na mambo ya kuolewa nilidhani nimewaachia wengine. Lakini Fundi Saa, yule mzee wa kibanda cha saa karibu na zahanati, amenitengenezea saa moja ya ukutani mwaka mzima, na kila akinirudishia inaharibika upya, mpaka nikaelewa. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne.

Sasa sikiliza linaloniuma. Dada yake mkubwa, huyo atakayekuwa wifi yangu, amesema mbele za watu kwamba naingia kwao mikono mitupu, mkunga mzee asiye na mtoto wala kijiko. Nilitabasamu. Tabasamu lile mpaka leo linaniwasha usoni. Nikamjibu, "Siku ya harusi, kwenye meza yangu patakuwa na jagi lililotoka mkononi mwa binti wa kaka yangu, na wewe wifi ndiye utakayenywa wa kwanza." Nimeshasema, na mimi sirudishi maneno.

Jagi hilo nilikuagiza mwaka juzi. Hata tembo hubeba mimba akazaa. Yako imekuwa ya namna gani? Lete jagi, mwanangu. Safari hii si jagi tu, ni uso wangu.

Shangazi yako mkunga


29 Januari

Shikamoo shangazi, na hongera bi harusi!

Nilimsomea baba barua yako akacheka mpaka jino likamkamata, akashika shavu. Hajaling'oa. Anasema wiki ijayo. Mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na kila anayemwona anasema amechukua paji la uso lako, maskini mtoto.

Kuhusu jagi, usiwe na wasiwasi, lipo. Yaani lipo kichwani, na rafuni kuna mengine yanayokaribia kufanana nalo. Karakana yangu unaikumbuka, gurudumu dirishani na rafu mpaka darini. Rafu zote zimejaa, hata chini ya kitanda nimeanza kupanga. Tatizo langu ni moto. Chombo kikiwa kibichi bado nina nafasi nacho. Mdomo nikiuona umepinda naulowesha naunyoosha, na kikinikera kabisa nakimwagia maji, kinarudi kuwa tope ndooni, na hakuna aliyeona kosa langu. Kikishaingia kwenye tanuri, basi. Kilivyotoka ndivyo kilivyo, na watu watakiangalia. Kwa hiyo nimesubiri kuni zikauke, kisha mvua ikatike, kisha nipate vyombo vya kulijaza tanuri vizuri. Najua utasema nini, lakini haraka haraka haina baraka.

Halafu kuna mtu amenitoa kabisa kwenye kazi. Unamkumbuka yule mwanamke mwenye duka la mapambo? Mimi namwita Bi Sampuli. Kila akija ni "Mpenzi, nipe kimoja tu cha sampuli nikaonyeshe wateja." Kinaondoka, hakirudi, na baada ya muda ndugu za chombo hicho wanatokea dukani kwake, wamemiminwa kiwandani kwenye kalibu, na chini wana stika ya dhahabu inayosema ni kazi ya mikono yake. Mikono yake! Yule mama udongo anaujua ukimchafua viatu tu. Wiki iliyopita nilipita pale nikaikuta ile taa yangu ya matundu imejaa dirisha zima. Mimi taa hiyo nilikuwa bado nafikiria tundu la mwisho nilitoboe wapi. Na watu wa hoteli mpya wamemchagua yeye awauzie vyombo vya ukumbi mzima. Nilikaa kwenye ngazi za duka la jirani nikalia kwa hasira kama mtoto.

Namchukia, shangazi. Nikifungua jicho asubuhi wa kwanza kumfikiria ni yeye. Mikono inatetemeka, siwezi kufinyanga hivi. Mambo yakitulia nitalimaliza jagi lako, naahidi.

Mpwa wako


12 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Paji langu la uso lina mashabiki wake, na mmoja wao ananioa, kwa hiyo mwambie huyo mtoto asihofu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta tarehe ya jagi, sijaiona. Nimeona kuni, mvua na Bi Sampuli.

Huyo mama ni mwizi, hilo halina mjadala, na akija kuingia mikononi mwangu atakumbuka saa aliyozaliwa. Lakini mwizi wako ana bahati ya ajabu. Anaibiwa mtu gani anayefungua mlango mwenyewe na kusema "karibu, chagua"? Ile taa alichukua wazo lake ukiwa bado umelishika, unalitafakari, yeye akaenda akalimaliza vibaya na kuliuza. Udongo uwahi ungali maji. Maneno hayo si umeyaandika kwa rangi ukutani kwako? Yasome basi, au uyafute.

Hasira si mbaya. Nimekaa na wanawake wenye uchungu maisha yangu yote. Anayeupoteza uchungu kwa kupiga kelele huchoka bure. Anayeusukuma hutoa mtu. Unasema mikono inatetemeka? Itetemekee kwenye udongo. Na wala sikuhubirii msamaha, maana mimi mwenyewe wifi bado hajafika mezani kwangu. Unataka kulipiza kisasi, lipiza. Ila kianze na jagi langu.

Gauni nimeshashonesha. Wifi ameliona akauliza kama ni pazia.

Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama, na kabla sijaikunja nilikuwa nimeshafunga aproni. Nimeisukuma hasira kama ulivyosema. Hutaamini! Mimi huyu, Bi Kesho wako, nimefinyanga majagi sita mfululizo na sikurudia mdomo hata wa moja. Naamka kabla ya jogoo wa jirani. Nimeyapaka bluu iliyokolea, shingoni nikachora ndege mweupe, nikapiga vanishi nje mpaka yanaakisi dirisha. Mazuri mno, na yote nimeyatengeneza kwa ajili ya mtu ninayemchukia.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Ni ya Bi Sampuli. Niliyapanga palepale dirishani anapopenda kuchungulia. Akaja na tabasamu lake, "Mpenzi, nipe moja tu." Nikamwambia chukua yote. Akanishika shavu! Akayafunga kwenye magazeti haraka haraka, mwenyewe, nisije nikabadili mawazo. Anasema ataenda kuwamiminia maji wakubwa wa hoteli wakiwa mkutanoni, waone vyombo vya heshima.

Usiniulize kwa nini nimempa. Siku moja nitakusimulia uso kwa uso, na utacheka mpaka goti lipone. Barua hupita mikononi mwa watu.

Lako linafuata. Tanuri sijaliwasha tangu mwaka jana, kuni bado zina unyevunyevu, lakini sasa nimeshapata mwendo. Kesho naanza. Neno hilo silifuti, limeshakaa kwenye karatasi kama ulivyotaka.

Baba anakusalimu kwa upande mmoja wa mdomo.

Mpwa wako mwenye furaha


14 Machi

Bi Kesho,

U mzima? Mimi mzima kupita kiasi, na leo barua yangu ni fupi kwa sababu furaha ya ubaya haihitaji maneno mengi.

Nimepata jagi. Sikupata kwako.

Bi Sampuli wako amefungua duka la pili huku kwetu, mtaa wa nyuma ya duka la dawa. Nilikwenda kumwangalia uso tu, nikakuta dirishani jagi la bluu lenye ndege mweupe shingoni, na chini ya mpini lina kile kibonyeo cha dole gumba unachokiacha kwenye kila chombo. Chini amebandika stika yake ya dhahabu. Nikasema haya, jagi langu nimeliomba miaka miwili sikupewa, adui wa mpwa wangu ameomba mara moja akapewa sita. Nimelinunua palepale, tena nikamsifu, nikamwambia ana mikono ya baraka. Nimefanya makusudi ili likuingie. Limekuingia?

Nililigonga kwa kidole kama unavyogonga vyombo vyako. Vyako hulia. Hili limesema "tu", kama mkate. Nikajisemea labda ndiyo mtindo mpya. Halijambo. Nimelifunga kwa shuka nikaliweka kabatini na sitalitia hata tone, maana niliapa wa kwanza kunywa humo ni wifi. Mezani nitasema kweli tupu kwamba limetoka mkononi mwa binti wa kaka yangu. Nitakachokificha ni kwamba nimelikomboa kwa mwizi.

Njoo harusini. Kiti chako kiko karibu na changu.

Shangazi yako ambaye hangoji tena


25 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini wewe na mzee wetu Fundi Saa hamjambo. Huku mvua zimeanza, paa linavuja juu ya pipa la udongo tu, nashukuru. Mtoto wa kaka ameanza kucheka. Jino la baba sasa limevimbisha shavu. Jirani kauza yule jogoo.

Barua yako ilinifika mapema, sema nilikuwa na shughuli. Nimeanza kukujibu mara kadhaa.

Kuhusu lile jagi, nina wazo. Usilitumie. Liweke tu katikati ya meza kama pambo, utie maua makavu. Makavu, shangazi, yanapendeza zaidi siku hizi. Majagi yale hayakuwa kazi yangu ya uhakika, rangi huenda ikachuja kwenye kinywaji, na sipendi wifi yako apate la kusema. Nakutengenezea jingine zuri zaidi, wiki hii hii. Kama halitawahi, nunua hata la kioo, watu hawaangalii sana.

Kuna jambo nataka kukueleza, lakini si la kuandika. Nitakueleza nikifika harusini.

Mpwa wako


9 Aprili

Wewe,

Salamu utazipata nikizipata.

Barua yako ya maua makavu ilinifika siku mbili kabla ya harusi. Nikamsomea Fundi Saa nikasema, "Ona wivu huu. Limemuuma kwa sababu nimenunua kwa adui." Yeye akasema, "Mbona kama anaogopa?" Nikamwambia ashughulike na saa.

Basi Jumamosi ikafika. Meza kitambaa cheupe, watu wamejaa uani mpaka kwenye ngazi. Kiti chako kikawa kitupu, nikaweka mkoba wangu watu wasiulize. Nikafungua shuka, nikalijaza jagi sharubati nyekundu mwenyewe, mbele ya wifi, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hili limetoka mkononi mwa binti wa kaka yangu." Watu wakasema "aah!" Ndege wako alipendeza kweli. Kisha kaka wa bwana harusi akasimama kutoa hotuba, na yule mzee akishika hotuba hushuka nayo mpaka kwa babu wa babu. Jagi likakaa pale limejaa. Mimi macho kwa wifi, wifi macho kwa gauni langu.

Mwenye hotuba alipokaa, nikanyanyuka, nikashika mpini.

Mpini ukaja. Ukaja pamoja na shingo na ndege wake. Vilivyobaki vilikaa kidogo vikifikiri, halafu vikalala. Sharubati na tope vikaenda moja kwa moja mapajani kwa wifi, na alikuwa amevaa nyeupe, mwanangu, nyeupe ya kushonesha! Mimi nimesimama, nimeshika shingo ya ndege. Wifi akaangalia gauni, akaangalia mkono wangu, akasema taratibu, "Kumbe ndivyo mnavyotengeneza kwenu."

Nikaitua shingo ya ndege mezani. Fundi Saa akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kunifuta mikono yangu mimi kabla ya dada yake. Kwa hilo peke yake sijutii kuolewa.

Jumatatu nililikusanya tope kwenye beseni, nikalipeleka dukani kwa Bi Sampuli, nikalitua juu ya meza yake katikati ya wateja. Nikamwambia, "Mama mwenye mikono ya baraka, kazi yako imerudi." Akaruka. "Mimi siyo mfinyanzi! Mimi sijui hata linatengenezwaje, nimepewa na yule msichana!" Nikamuuliza hiyo stika ya dhahabu basi inasema mikono ya nani? Wateja waliokuwa wameshika vikombe wakavirudisha rafuni polepole, mmoja akajifuta vidole. Nilitoka pale nimeshiba.

Nikafika nusu ya njia, shibe ikaisha. Nikakumbuka "utacheka mpaka goti lipone." Nikakumbuka tanuri ambalo hujaliwasha tangu mwaka jana. Nikasimama katikati ya barabara mpaka mwenye pikipiki akanitukana.

Kumtegea mwizi mtego, mimi sikulaumu. Ungeniambia, ningekuchagulia na rangi. Ninachokulaumu ni kwamba ulijua. Barua yangu ulipata, ukajua jagi liko kabatini kwangu, ukajua ni la kumnywesha wifi, na kalamu unayo. Ulichotakiwa kuandika ni "shangazi, ni bichi, litayeyuka." Ukaniandikia habari za jogoo. Ulikuwa unangoja nini, kuni za barua zikauke? Tope nimelifua. Maua makavu ndiyo sijayafua, na sidhani kama yanafulika.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe ulichimba vizuri, nimeingia mimi, na nguo za harusi.

Pamoja na barua hii utapata kopo la maziwa. Ndani ni lile tope, nimelikausha juani, limechanganyika na sharubati na sijui maua gani. Jagi langu litoke humo humo. Silitaki la udongo mwingine. Na usiniandikie neno mpaka litoke.

Mkunga


16 Mei

Shikamoo shangazi,

Jagi liko kwenye hili sanduku, limefungwa kwa aproni yangu. Kabla hujaendelea kusoma, lifungue, uligonge.

Sasa niseme. Ni bichi, lingeyeyuka, nilijua. Barua yako niliipata asubuhi moja nikiwa nakunywa chai, na mpaka chai inapoa nilikuwa nimeshaamua kukuambia kila kitu, jioni. Jioni nikasema kesho asubuhi nikiwa na akili nzuri. Kila siku iliyopita ilifanya kukwambia kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa nilitakiwa nieleze na kwa nini sikukwambia jana. Harusi yako sikuikimbia, au niseme niliikimbia polepole. Nilifika stendi na begi. Basi lilikuwepo, na nafasi zilikuwepo. Nikakata tiketi ya kesho yake. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Siku ile kopo lilipofika nililiweka rafuni na kujiambia nitalishughulikia kesho. Nikaanza kutoka. Nilipofika mlangoni nilijisikia nilivyosema, kwa sauti kabisa, nikarudi. Nikalimwaga ndooni, nikaloweka. Lilinuka sukari iliyochacha, na nilipolichuja nikatoa ganda la limau na shanga moja nyeupe, nadhani ni ya wifi. Imo kwenye sanduku, mrudishie.

Udongo wenyewe ulitosha jagi moja tu. Sikuwa na wa kurudia. Mdomo umepinda kidogo upande wa kushoto, nimeuona, na mkono ulikuwa unaniwasha niunyooshe. Nikaliacha. Lilipokauka nikaliingiza kwenye tanuri pamoja na kila kilichokuwa rafuni na chini ya kitanda, nikawasha. Kuni zilikuwa kavu, shangazi. Zilikuwa kavu muda mrefu. Baba alikuja akakaa nami kwenye joto, akaniuliza kama kung'oa jino kunauma. Nikamjibu kusubiri ndiko kunauma. Akaondoka bila kuaga, akarudi baadaye ameshika shavu, jino limefungwa kwenye karatasi. Anataka nikutumie. Nimemkatalia.

Vingine vilipasuka. Vilivyopona nimeanza kuviuza, vibaya na vizuri, vyote vina dole gumba langu chini.

Bi Sampuli alikuja. Hoteli imesikia ya dukani kwake kabla ya ule mkutano, inataka kumwona mfinyanzi mwenyewe. Hakutabasamu. Akarudisha majagi matano, akaniambia mimi ni shetani, akatoka. Nilingoja siku hiyo kwa hamu sana, na nilicheka, siwezi kukudanganya. Nilicheka nikiwa nayamwagia maji. Halafu ndege wa kwanza akaanza kuyeyuka shingoni, nikakuona wewe umesimama mbele ya watu umeshika mpini, nikaitua ndoo chini.

Nisamehe, shangazi. Sina cha kuongeza, na safari hii sina cha kukusubirisha. Je, umenisamehe?

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Salamu hizi hapa, nimezipata. Mimi mzima, goti linajua mvua inakuja, Fundi Saa mzima. Ile saa ya ukutani imepona siku moja baada ya harusi, hajawahi kueleza vipi. Mwambie kaka yangu hongera, na jino alitupe.

Sanduku lilifika asubuhi. Nililigonga. Fundi Saa alikuwa chumba cha pili, akainua kichwa akauliza ni saa ya nani inayolia. Nikalijaza maji nikaliweka mezani, nikavuta kiti nikakaa nalo. Sikuliamini, usinilaumu. Asubuhi nzima nimelikodolea macho kama mama anayekaribia kujifungua, linatoka kijasho tu nje. Mdomo umepinda kushoto, ndiyo. Ukimimina inabidi usogeze glasi.

Jioni nikamwita wifi. Akaja na gauni la rangi ya kahawia, mwanamke ana akili. Nikammiminia. Akalitazama jagi, akatazama mapaja yake, akasogeza kiti nyuma. Nikamwambia, "Kunywa wifi, ni lilelile." Nikamwonyesha na shanga yake. Akaelewa kwamba anakunywa kutoka kwenye lile tope la gauni lake, na hakuweza kukataa kwa sababu kaka yake alikuwa anamwangalia. Alimaliza glasi mbili. Alipokuwa anaondoka alipitisha kidole chini ya mpini, kwenye dole gumba lako, akauliza kama unapokea kazi. Nikamjibu mpwa wangu ana watu wengi, aandike barua.

Hiyo glasi ya kwanza ilinikata kiu ambayo nimekuwa nayo tangu Januari.

Sasa lile swali lako la mwisho. Nimelisoma, na Fundi Saa amelisoma, ananiangalia hivi ninavyoandika. Jagi umelileta, kweli umesema, na mwandiko safari hii haukutetemeka. Sina sababu ya kukunyima. Nitakusamehe, mwanangu.

Kesho.

Na usiniandikie kuniuliza ni kesho ipi. Wewe ndiye mwenye kuzijua.

Shangazi yako